Ajali Ina Kinga

Katika viwanda vya nyama umo msemo uliogeuzwa kuwa ngao ya wazembe wenye madaraka: "Ajali haina kinga." Msumeno wa kukatia mifupa ukiondoka na vidole vya mfanyakazi, msemo huo hutolewa. Mashine ya kusaga nyama ikiumeza mkono, msemo hurudiwa kando ya kitanda cha majeruhi, pamoja na pole na shilingi chache ndani ya bahasha. Kisha kibarua mwingine huitwa langoni, na mashine huwashwa tena.

Msemo huo, ukisemwa kiwandani, ni uongo. Msumeno wa mifupa huundwa pamoja na kinga yake. Mashine ya kusaga huwa na mdomo mwembamba na mti wa kusukumia nyama, ili vidole visifike kwenye visu. Ni nani basi anayeing'oa kinga? Ni msimamizi anayeona kwamba inachelewesha kazi. Ni nani anayeamuru nyama iliyokwama iondolewe bila kuzima umeme? Ni yule yule anayehesabu mizoga wala hahesabu vidole. Sakafu inateleza kwa maji na mafuta, zamu ni ndefu, mikono imekufa ganzi kwa baridi. Halafu mtu akikatika huambiwa kwamba hakuwa mwangalifu! Huo si uzembe wa mfanyakazi. Ni unyonyaji.

Ugonjwa huu ni wa zamani. Mwaka 1906 mwandishi Upton Sinclair alitoa riwaya juu ya mateso ya wafanyakazi wa viwanda vya nyama vya Chicago, Marekani. Wasomaji walichafukwa na uchafu wa nyama kuliko walivyosikitikia viungo vya watu. Mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya ukaguzi wa nyama. Sheria ya taifa zima ya usalama kazini ilingoja mpaka mwaka 1970. Miaka 64! Ndivyo ubepari unavyopima: kwanza tumbo la mnunuzi, baadaye sana mkono wa mfanyakazi.

Tanzania haina udhuru wa kungoja. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ilitungwa mwaka 2003. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliunda Mfuko unaochangiwa na mwajiri, si kwa kukata mshahara wa mfanyakazi. Aliyeumia kazini anastahili matibabu, malipo ya ulemavu wa muda au wa kudumu, na msaada wa kumrejesha katika kazi na maisha. Akifa, wategemezi wake hulipwa. Fidia si hisani ya meneja, ni haki.

Lakini haki iliyofungiwa kabatini haimfai mtu. Wako waajiri wanaomfuata majeruhi wodini na karatasi ya "kumalizana", naye, kwa kutojua, hutia alama kwa dole gumba lililosalia. Karani anayelaza faili lake anashirikiana nao, na muda wa kudai una kikomo. Mkaguzi anayekunywa chai ofisini kwa meneja na kuondoka bila kuiona mashine anashirikiana nao vile vile. Hata mwalimu anayeishi jirani na majeruhi, mwenye uwezo wa kumsomea sheria lakini akanyamaza, hawezi kujitoa katika lawama.

Nyundo iliyomo katika bendera ya Chama ni ya mfanyakazi, nayo hushikwa kwa vidole. Hapana budi kila mtumishi wa umma akumbuke hivyo faili la majeruhi linapofika mezani pake. Mzoga hautoki machinjioni bila mhuri wa mkaguzi. Basi na mashine isiwashwe bila kinga yake, na anayeing'oa ajibu yeye, si aliyepoteza mkono.