Mutoto Anayehara Anataka Kikombe

Wamama wengi wanasema: Mutoto akihara, usimupe maji, kwani maji ndiyo yanaongeza kuhara. Basi wanamunyima maji siku moja, siku mbili, halafu wanamubeba mpaka hospitali wakilia: Munganga, umutundikie serumu! Ninaona makosa mawili hapa, na la pili halisemwi mara nyingi.

Tazama mutoto aliyezaliwa juzi. Ukigawanya uzito wake mafungu manne, karibu mafungu matatu ni maji. Kwetu sisi wakubwa ni zaidi ya nusu. Maji hayo yamo pamoja na chumvi kwa kipimo chake, na mwili unakilinda kipimo hicho usiku na muchana: ukinywa mengi, figo zinatoa mukojo mwingi, ukipungukiwa, kiu inakusumbua. Kuhara kunashinda ulinzi huo. Maji na chumvi vinatoka pamoja, damu inapunguka, moyo unapiga mbio, na mwisho hauna cha kusukuma. Mutoto anakufa kwa kukauka, kama matembele yaliyong'olewa na kuachwa juani. Anayemunyima maji anaongeza jua.

Kosa la pili ni kufikiri kwamba dawa ya kweli inapita katika sindano, na kikombe ni kitu cha maskini. Utumbo unaohara haujafunga mulango. Sukari kidogo ikija pamoja na chumvi, utumbo unavipokea vyote viwili, na maji yanavifuata ndani. Maji matupu hayarudishi chumvi iliyopotea.

Mwaka 1971 watu wengi sana walikimbia vita ya Bangladesh wakafika Bongaon, katika India, na kipindupindu kikawakuta kule. Serumu ilikwisha. Munganga Dilip Mahalanabis akatumia maji yenye chumvi, soda na sukari ya glukosi, yakatiwa katika mapipa, na jamaa wakawanywesha wagonjwa wao wenyewe. Mbele ya hapo walikufa karibu 30 katika wagonjwa 100. Kwa dawa hiyo wakafa chini ya 4. Na hapa kwetu, Goma, mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda karibu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kuhara. Waganga waliochunguza habari ile waliandika kwamba dawa ya kunywa haikutumiwa vya kutosha. Neno hili linanichoma moyo.

Ukiwa na pakiti ya dawa ya kunywa, ichanganye na maji safi kama ilivyoandikwa. Kama hauna, twaa litre moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko 6 vidogo vya sukari, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, bila kurundika. Usiongeze chumvi, itamudhuru. Onja: yasipite machozi kwa chumvi. Umupe kijiko kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10, uanze tena polepole. Endelea kumunyonyesha.

Sikatai serumu. Mutoto asiyeamka vizuri, au asiyeweza kunywa, au ambaye ngozi ya tumbo lake ukiivuta inarudi polepole sana, huyo apelekwe hospitali mbio. Lakini wengi ninaowakuta asubuhi wakiketi katika mustari, wakingojea sindano, wangalikwisha kunywa vikombe viwili kabla hatujafungua mulango.