Mdosi, Hiyo Skrini Si Yako

Wasee, leo naongea hata kama itaniharibia CV. Skrini kubwa ya chumba cha udhibiti si ya mdosi. Ni ya mtu wa shifti. Kama hutaki kusikia hiyo, pita tu.

Mwaka jana nilikuwa atachi kwenye chumba cha kamera mahali fulani. Ukutani kuna skrini moja kubwa ya wote, mbele yake meza 4, na kila meza inaweza kurusha picha zake juu. Sheria ya nani arushe nini? Hakuna. Pasiwadi ni moja ya watu wote, imeandikwa kwa kikaratasi chini ya kibodi.

Siku moja wageni wakaja. Mdosi akaingia, akatoa picha za mageti zote, akaweka slaidi zake. Dakika 40 tunaangalia grafu ya mauzo. Kumbe huko nyuma lori limerudi kinyumenyume likapasua bomba la maji. Tulijua aje? Soja alikuja mbio, viatu vimelowa chapachapa. Na lawama ikamwangukia dada wa shifti. "Ulikuwa unaangalia nini?" Akanyamaza. Angesema nini, grafu?

Najua mtasema cheo ni cheo. Nyumbani sawa, mzee akitaka habari, mpira unazimwa na maisha yanaendelea. Lakini chumba cha udhibiti si sebule. Huko picha ikikosekana, mtu anaumia.

Sisi Wakenya tunajua giza, Agosti 2023 hata JKIA stima ilipotea. Lakini ngoja niwape la Marekani, kwa sababu lilichunguzwa hadi mwisho. Agosti 14, 2003, watu karibu milioni 50 huko na Kanada walikosa stima. Kwenye chumba cha udhibiti cha FirstEnergy, Ohio, programu ya kutoa ilani ilikwama saa nane na dakika 14 mchana. Baadaye seva zikalala. Watu wa IT walijua kuna shida ya seva, lakini maopareta hawakuambiwa kwamba ilani hazifanyi kazi. Laini kubwa zikawa zinagusa miti na kukatika moja baada ya nyingine, na wenye kazi hawana habari. Ripoti ya uchunguzi ikataja kitu kimoja rahisi sana: ukutani hakukuwa na ramani kubwa ya kuonyesha laini zote. Saa kumi na dakika chache, giza.

Hao hawakuwa na picha ya pamoja. Sisi tunayo, halafu tunaifunika na slaidi. Nani mjinga hapo?

Na dawa si pesa. Kila mtu awe na akaunti yake. Wengine waone tu, wengine warushe picha, na wachache wabadilishe mpangilio. Sehemu moja ya ukuta iwe ya picha muhimu, haifunikwi na yeyote. Ilani ikilia, inapanda juu ya kila kitu, hata ya mkurugenzi. Shifti ikiisha, ruhusa inaisha. Na mfumo uandike nani alibadilisha nini saa ngapi, ndio siku ya lawama tusimsulubishe dada wa watu bure.

"Lakini kwa dharura si mkubwa ndiye anaamua?" Ndiyo, aamue. Lakini ataamua akiona nini, kama yeye mwenyewe ndiye amefunika picha? Wageni wana boardroom. Kuna projekta huko, na hata chai.

Kitu cha mwisho. Mimi nilimaliza atachi Agosti. Sijarudi huko tena, sina kazi huko, sina hata beji. Lakini pasiwadi bado naikumbuka, na siamini imebadilishwa.

Kama hiyo haiwatishi, endeleeni na slaidi.