Kompyuta Zetu Zisiwatumikie Wezi

Ndugu zangu wa kambi ya Dzaleka, na nyinyi jamaa zetu mlioko Lilongwe,

Hapa kambini hakuna kompyuta ya mtu mmoja. Laptopu ikishanunuliwa kwa jasho la miezi na kuletwa nyumbani, inakuwa ya mtaa. Mwanafunzi anaandikia kazi zake za chuo cha mtandaoni, mama wa jirani anakuja kusomewa barua pepe ya mwanawe aliye Kanada, kijana wa kwaya anahamisha nyimbo, na jioni watoto wanatazama sinema. Kwa hiyo waraka huu si wa wenye mashine peke yao. Mdukuzi akiishika kompyuta moja ya namna hiyo, ameshika picha, barua na maneno ya siri ya nyumba nyingi kwa mara moja.

Na akiishika huwezi kujua kwa kutazama tu. Mashine inawaka, nyimbo zinapiga. Ndani yake kuna programu ndogo inayongoja amri za mtu aliye mbali. Akitaka, inampelekea kila herufi unayobonyeza. Akitaka, inatuma barua za utapeli kwa jina lako. Akitaka, anaiunganisha na mashine nyingine maelfu, zishambulie kampuni moja mpaka huduma zake zianguke. Afrika tumeyaona hayo. Mwaka 2016 Mwingereza Daniel Kaye alilipwa aiangushe Lonestar, kampuni kubwa ya simu ya Liberia. Silaha yake ilikuwa kamera za watu na vifaa vingine vya intaneti alivyokuwa ameviteka, na Novemba mwaka huo intaneti ya Liberia iliyumba vibaya. Januari 2019 mahakama ya London ilimfunga miaka miwili na miezi minane. Wenye kamera zile hawakuwa na habari.

Wengi wetu husema: mimi mkimbizi, sina akaunti nono, mdukuzi atafuata nini kwangu? Anafuata intaneti yako na jina lako. Mei 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kuvunjwa kwa mtandao ulioitwa 911 S5, uliokuwa umenasa anwani za intaneti milioni 19 katika nchi karibu 200. Watu walinaswa kwa VPN za bure, kama MaskVPN na DewVPN, na kwa programu zilizonakiliwa kiharamia zilizofungwa pamoja nazo. Aliyepakua alifurahia cha bure, kumbe anwani yake ilikuwa inakodishwa kwa matapeli, na kila walichoiba kilionekana kimetoka nyumbani kwake. Malawi ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki na Usalama wa Mtandao ya 2016, na udukuzi ni kosa. Kumweleza polisi kwamba kompyuta ni yako ila mkono haukuwa wako ni kazi ngumu kwa mtu yeyote. Kwa mwenye karatasi za ukimbizi ni ngumu maradufu.

Sasa tuseme wazi mlango mkubwa kuliko yote hapa kwetu: kraki ya kuaktiveti Windows. Unanunua laptopu ya mtumba madukani Old Town, unafika nayo kambini, na pembeni ya kioo yanatokea maandishi hafifu yakikutaka uaktiveti. Fundi anachomeka flashi yake yenye kraki. Jambo la kwanza analofanya, tazama mkono wake vizuri, ni kuzima ulinzi wa Windows, kwa sababu maelekezo ya kraki yenyewe yanasema zima antivairasi kwanza. Dakika ileile mashine inabaki wazi, na programu iliyoandikwa na mtu msiyemjua inapewa mamlaka yote. Mwaka 2021 kampuni ya usalama ya Marekani, Red Canary, ilieleza jinsi kifurushi cha kraki maarufu, KMSPico, kilivyosambazwa kikiwa na programu ya kuiba maneno ya siri ndani yake.

Kinachoniuma ni kwamba mara nyingi kraki hiyo haikuhitajika kabisa. Laptopu nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 8 au matoleo ya baadaye zina ufunguo wake ndani ya ubao wa mashine. Ukiifomati na kuweka upya toleo lilelile kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, inajiaktiveti ikipata intaneti. Na hata isipojiaktiveti, utakosa kubadilisha picha ya nyuma na maandishi yale yatabaki pale pembeni, lakini apdeti za usalama zitaendelea kuja. Mafundi wetu, nawasihi kwa heshima: mwambieni mteja ukweli huo kabla ya kuchomeka flashi.

Flashi nayo ina habari yake. Umeipeleka kibandani kuprinti fomu. Umerudi nyumbani, umeifungua, na folda zako zote zina kishale kidogo kwenye kona ya picha. Ukibofya, folda inafunguka kama kawaida, kwa hiyo hushtuki, lakini kwa kubofya huko umekiwasha kirusi na kimehamia kwenye mashine yako. Ukiona vishale hivyo usibofye kitu. Ichunguze flashi kwanza kwa Microsoft Defender, ambayo imo ndani ya Windows bila malipo. Mwaka 2023 watafiti wa kampuni ya usalama wa kompyuta, Mandiant, walieleza kwamba virusi vya flashi, ambavyo wengi walidhani vimezeeka, vilikuwa vinaenea upya barani Afrika, na vibanda vya kuprinti na mikahawa ya intaneti vilitajwa kama njia yake. Wenye vibanda, chunguzeni kila flashi kabla ya kuifungua, hata foleni ikiwa ndefu.

Kuhusu apdeti, najua bando ni ghali na wengi wamezizima kabisa. Lakini tundu likishatangazwa na mtengenezaji, wezi nao wamelisoma. Windows ina uwezo wa kugawana apdeti: kompyuta moja ikishapakua, nyingine zilizo kwenye mtandao uleule zinaweza kuchukua kwake. Nyumba nne zikichanga bando moja mwisho wa mwezi na kukaa pamoja, mzigo unapungua. Tena, Windows 10 iliacha kupewa apdeti za kawaida za bure tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine isiyoweza kubeba Windows 11 bado ina maisha ukiiwekea mfumo wa Linux, ambayo ni ya bure kihalali.

Mambo mengine ni mepesi. Watoto wafunguliwe akaunti yao isiyo na mamlaka ya kuweka programu. Mlioko Lilongwe wenye ruta, badilisheni neno la siri lililokuja nayo. Mtu akikupigia simu akitaka uweke AnyDesk, programu ya kuiongoza mashine yako kutoka mbali, eti akusaidie, kata simu. Na barua pepe inayokuahidi kuhamia nchi ya tatu ukifungua kiambatisho au kulipa ada, ifute: huduma za UNHCR hazilipiwi, na mtu yeyote anayekudai fedha kwa jina lao ni tapeli.

Ukishuku kwamba mashine imeshikwa, pengine bando linaisha usiku mmelala, au marafiki wanapokea ujumbe usioutuma, itoe kwenye intaneti. Badilisha maneno ya siri kwa kutumia simu au kompyuta nyingine, si hiyo. Endesha uchunguzi wa Defender wa nje ya mtandao, na hali isipotulia, hifadhi nyaraka zako kisha ifomati. Usione haya kuwaambia majirani waliochomeka flashi zao humo. Februari 2024 Rais wa wakati huo, Lazarus Chakwera, alisimama bungeni akasema mfumo wa pasipoti wa nchi umedukuliwa na wahalifu wanadai fedha, na kwamba serikali haitawalipa. Ikiwa dola imeweza kusema hadharani, nasi tunaweza kusema mtaani.

Kambi hii haina upungufu wa wajuzi. Mafunzo ya mtandaoni ya Wajesuiti yalianza hapa 2010, na Remy Gakwaya, mkimbizi kutoka Burundi, alianzisha AppFactory kufundisha vijana kuandika programu. Nyinyi mliopita huko, kaka na dada zetu, nawaomba siku moja kila mwezi: wekeni meza, waiteni watu na laptopu na flashi zao, zikaguliwe bure mbele ya wenyewe. Anayeishi Lilongwe na ana intaneti nzuri apakue Windows halisi na Linux, ajaze flashi safi, azitume kambini. Nanyi wazazi, siku hiyo ikitangazwa, leteni mashine hata kama haijawahi kusumbua.