Barabara iko wazi: wazi kwa nani, na mpaka saa ngapi?

Wasikilizaji wetu wa Bunia, na ninyi ndugu zetu mulio kambini, kuna maneno matatu tunayosikia kila mara: «Barabara iko wazi.» Yanasemwa kwenye mikutano ya wakubwa, yanarudiwa na madereva na wenye moto. Mimi nasema maneno hayo, yakiachwa peke yake, yanaweza kumpeleka mtu kwenye kifo. Wazi kwa nani? Kutoka wapi mpaka wapi? Mpaka saa ngapi?

Hakuna mtu wa Ituri anayehitaji kufundishwa uzuri wa barabara zetu. Toka Bunia, pita Bogoro, anza kuteremka kuelekea Kasenyi: Ziwa Albert linaonekana lote chini yako, na ng'ambo yake ni Uganda. Kutoka mji wetu mpaka ziwani ni mteremko wa zaidi ya mita 600. Barabara ya taifa nambari 27 inapita kwenye vilima vya Djugu mpaka Mahagi. Nambari 4 inaingia ndani ya msitu, inapita Mambasa mpaka Epulu, kwenye nchi ya okapi. Kwingine duniani watu wanalipa pesa nyingi ili watembee kwenye njia nyembamba kama hizi. Lakini wao, kabla ya kutoka, wanajua hali ya njia, mahali pa mafuta na mahali pa kulala.

Mama wa kambi ya Kigonze naye anapanga safari. Anataka kwenda kuona kama shamba lake bado lipo, avune muhogo, arudi. Yeye anapanga kwa uvumi. Na njia hizi hazisamehe: nyingi ni za udongo, na kuna sehemu ambapo magari mawili hayapishani. Lori moja likizama kwenye tope, wote walio nyuma wanasimama. Kugeuza haiwezekani, mtandao wa simu haupo, na jua linatua. Kwa sisi wa hapa, kukwama njiani usiku si hadithi ya kuchekesha wageni.

Ninachodai ni kitu kidogo. Tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo letu liko chini ya utawala wa kijeshi. Tuliambiwa kwamba uongozi mmoja utaleta amri moja. Basi, hiyo amri moja itupe tangazo moja kila asubuhi, kabla ya saa kumi na mbili, kwenye redio zote za Bunia: sehemu gani inapitika leo, sehemu gani imefungwa, mwisho wa kupita ni saa ngapi, na wapi malori yamekwama. Lisomwe kwa Kiswahili, kwa Kilendu na kwa Kihema, si kwa Kifaransa peke yake.

Watanijibu: «Ukitangaza, unawasaidia maadui.» Tarehe 1 Septemba 2021, karibu na Ofaye, kati ya Komanda na Luna, msafara uliosindikizwa na wanajeshi ulishambuliwa. Watu waliuawa, magari yakachomwa. Msafara wa magari mengi unakusanyika mchana, mbele ya macho ya wote. Mwenye silaha porini anauona. Anayebaki gizani ni msafiri. Hakuna anayeomba kujua askari wamelala wapi. Tunaomba kujua kama tupite au tubaki nyumbani.

Tangazo hilo liseme pia bei. Mfuko wa taifa wa kutunza barabara, FONER, upo tangu 2008, na msafiri anayelipa kwenye kituo chake anapaswa kupewa risiti. Lakini kuna kamba zinazofungwa njiani, na anayezifunga hana risiti wala jina. Kama bei halali zingesomwa hewani kila asubuhi, mwenye moto angejua anachodaiwa na serikali na anachonyang'anywa. Kila franka inayobaki kwenye kamba hizo inaongezwa kwenye bei ya samaki wa Kasenyi sokoni Bunia, na mkimbizi asiye na shamba ndiye anayeilipa.

Mpaka siku hiyo ifike, ndugu zangu, musikubali maneno matatu. Anayewaambia barabara iko wazi, mumuulize: nani amepita leo, amefika wapi, na amerudi saa ngapi? Kama hana jibu, muhogo ungoje. Na ninyi wakubwa mulio na simu za upepo kwenye kila kituo, habari hiyo munayo kila asubuhi. Semeni.