JUU YA KOLI ZENYE KUCHELEWA: TUSIZIKATAZE



Tangu mwanzo wa trimestri hii, ulizo moja linarudi kila siku mu internati, asubuhi wakati wa kufagia, saa sita ku refektwari, magaribi mbele ya kuingia mu étude: "Yaya kapita, koli yangu iko wapi?" Wengine wanauliza na heshima. Wengine wanauliza sawa vile mimi njo niliikula. Na juma iliyopita, ku mkutano wa makapita, Bwana Prefe alituambia kama wakubwa wa masomo wanafikiri kukataza koli zote tangu trimestri ya tatu, juu ya maneno na ugomvi ambao zinaleta. Alituomba kila mtu aseme mawazo yake. Basi yangu ninayaandika hapa, kwa sababu ni mimi mwenye kwenda kuchukua koli kila siku ya posho ku ajansi za bisi, na mwenye kuzigawanya.

Kwanza tuseme koli ni kitu gani. Kwa mwanafunzi mwenye wazazi hapa Kenya, ao Katuba, ao Kamalondo, koli si kitu kikubwa. Siku ya Mungu anaenda kwao, anakula bukari ya mama, anarudi na sabuni yake mu mfuko. Lakini kuko wale wa Kasenga, wa Pweto, wa Kamina, wa Manono. Hao hawarudi kwao mpaka livu kubwa. Kwa hao koli njo mama mwenyewe anayekuja: unga, karanga, samaki za Luapula za kukauka, viatu, daftari, na kabarua kamekunjwa katikati ya nguo. Anayesema koli ni mambo ya tumbo tu, atazame uso wa mtoto wa mwaka wa kwanza wakati anafungua kamba.

Watu watasema: leo kuna simu. Ni kweli. Feza inapita kwa M-Pesa ao Airtel Money mu dakika moja, na minervali inaweza kulipwa bila mtu kutembea. Lakini kiatu hakipiti mu simu. Dawa haipiti. Karatasi zenye muhuri ambazo sisi mafinalisti tunaombwa mbele ya Egzameni ya Serikali, hizo nazo hazipiti, wanataka karatasi yenyewe mkononi. Tena simu imeongeza shida. Mama anapiga: "Mwanangu, nimetuma leo." Kesho yake asubuhi mtoto ameanza kuhesabu. Simu imefika mbele, koli inakuja nyuma, juu ya lori, mu matope ya mwezi wa kwanza, na mtoto anafikiri katikati kuna mwizi.

Nitoe mfano mmoja, na wengi wenu mnaujua. Mwaka huu mdogo wetu mmoja wa mwaka wa pili alikaa siku kumi na sita bila dawa zake za kila siku. Mama yake alizituma kwa wakati. Bisi ilifika kwa wakati. Koli ilikuwa hapa hapa mjini, mu depo ya ajansi, chini ya magunia ya watu wengine, kwa sababu juu yake iliandikwa paka maneno mawili: JUNIOR, INTERNATI. Mu internati yetu tuko na ba-Junior kumi na mmoja, na Lubumbashi ina internati nyingi. Mtu wa depo angejua je? Namba ya simu iliyokuwa ku kartoni aliipiga. Ilikuwa ya dereva. Mtoto alianguka mu étude, mbele ya macho yetu, surveyan akamukimbiza ku hospitali. Tunashukuru Mungu, leo ni mzima. Lakini usiku ule mu dortwari neno lilikuwa moja tu: "Batu ba ajansi, bezi wote!" Hakuna aliyeuliza ni nani aliyeandika kartoni.

Na jina la komini yetu nalo linatuchezea. Lubumbashi ina komini saba, na moja inaitwa Kenya, sawa na inchi ya Kenya. Mtu anayekaa Bruxelles ao Johannesburg akiandika KENYA kwa herufi kubwa ku mstari wa mwisho, karani wa kule hajasikia siku moja habari ya soko ya Kenya wala ya uwanja wa Kibassa Maliba. Atasoma mstari wa mwisho, juu njo mahali pa jina la inchi, na mfuko utaelekea Nairobi. Yule karani amefanya kazi yake vizuri. Adresi inasomwa kutoka chini kwenda juu: inchi, mji, komini, avenue, namba, mtu. Waambieni yaya zenu walio mbali waandike République Démocratique du Congo chini kabisa, peke yake, na LUBUMBASHI juu yake. Kenya ikae mu tumbo la adresi, isikae mu mukia.

Wengi wetu tunawaza kama kazi ya posta ni kukaa nyuma ya dirisha na kupiga muhuri. Mfuko wa posta unafungwa, unatiwa etiketi na alama, unaandikwa mu karatasi inayosafiri nao, na kila mahali unapobadilisha mikono, anayepokea anahesabu na kutia saini. Barua ya rekomande ina namba yake, inaandikwa tena na tena njiani mpaka mwenyewe anatia saini ya kupokea. Ni kazi ya macho, ya mgongo na ya kuvumilia matusi. Na kwetu mtu wa posta haleti barua ku mlango wa nyumba. Njo maana barua za masomo zinaandikwa B.P., ni mwenye sanduku anayeenda kutazama.

Zamani kazi ile ilikuwa ya miguu. Frederick Stanley Arnot, mmisionere aliyefika Bunkeya kwa mfalme Msiri mwaka 1886, barua zake zilichukuliwa na wapagazi mpaka Benguela, ku bahari ya Angola, na majibu yalikuja kisha miezi na miezi. Jina la Arnot tunalifundishwa. Majina ya wale waliobeba barua hatuyajui. Mwaka 1910 gari la moshi likafika hapa kutoka kusini, ikawa mwendo mwingine.

Mwaka ule ule wa 1886, inchi yetu, iliyoitwa wakati ule État Indépendant du Congo, iliingia mu Umoja wa Posta wa Dunia, ulioanzishwa Berne, mu Uswisi, mwaka 1874. Mu sheria za Umoja huo kuna moja ambayo ningependa iandikwe ku mlango wa dortwari: kitu kilichotumwa kinabaki mali ya aliyekituma mpaka kifike mu mikono ya mwenye kupokea. (Kuna ingine inayokataza kutuma nyama wenye uhai, lakini nyuki wanaruhusiwa. Ba-Junior, msijaribu.) Hii ina maana gani kwetu? Kartoni ikiwa mu chumba changu, si ya kapita. Ikiwa mu biro ya disipilini, si ya masomo. Hata ya mtoto bado. Ni ya ule mama wa Pweto aliyeifunga kwa kamba, na sisi wote wa katikati tuko watumishi wake.

Sisemi kama watu wa njiani wote ni malaika. Kuna koli zinazofika na tundu, karanga zimepunguka nusu. Kuna siku unafika ku ajansi saa mbili ya asubuhi, unaambiwa rudi saa nane, unarudi saa nane, depo imefungwa. Ile inaumiza, na ninayesema nimesimama mara nyingi mu jua. Lakini nimeona pia mtu mmoja, peke yake, na magunia ya bisi tatu zilizoshuka pamoja, watu arobaini wanalalamika mbele yake, kila mtu anasema yangu njo ya kwanza. Na watu wa posta ya Serikali, ile iliyoitwa ONPTZ wakati wa Zaïre, kisha OCPT, na leo SCPT, wamelia miaka mingi juu ya mishahara ya miezi na miezi isiyolipwa. Mtu asiyelipwa tunamuomba haraka gani? Nani kati yetu angekubali kufagia refektwari mwaka mzima bila kula ndani yake?

Tena kuna jambo ambalo halipendezi kusemwa, lakini nitalisema. Koli nyingine zinafika nzima mpaka ku mlango wetu. Ninaziona na macho yangu saa kumi. Saa mbili ya usiku kartoni imefunguliwa na samaki zimepunguka. Pale hakuna bisi, hakuna duane, hakuna posta. Pale tuko sisi wenyewe, na harufu mu dortwari inajulikana.

Sasa juu ya kukataza. Kwa heshima yote, Bwana Prefe, ninafikiri haitasaidia. Mukikataza koli, hazitaacha kuja. Zitapita juu ya ukuta. Zitalala kwa mama mwenye kuuza mikate ku soko, kwa binamu mwenye kartie, kwa dereva mwenye kuomba kitu kidogo. Siku dawa itapotea, hatutakuwa na mtu wa kuuliza, kwa sababu mtoto ataogopa kusema kama alitumiwa koli. Mwenye kuwa na ndugu hapa mjini atapata vitu vyake vivyo hivyo. Wa Manono njo atateseka, na ule alitoka mbali zaidi kuja kusoma hapa.

Ninaomba kitu kingine, na hakiombi feza mingi. Tununue daftari moja kubwa, tuipige mistari kwa rula: tarehe, jina lote la mwanafunzi pamoja na postinomu, darasa, ajansi, namba ya simu ya mzazi, hali ya koli wakati ilifika, saini. Koli isilale kwa kapita peke yake. Iwekwe mu kabati yenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwangu, mwingine kwa surveyan, na ifunguliwe mbele ya mwenyewe na shahidi mmoja. Mtoto akiuliza koli yake iko wapi, tunafungua daftari, tunasoma. Mambo ya kusema "nasikia walisema" yaishe.

Na tuende ku ajansi mara mbili mu juma, siku ya posho na katikati ya juma kisha masomo. Siku kumi na sita za yule mdogo zingekuwa siku tatu ao ine kama mtu angepita pale na kuuliza kwa mdomo: "Hakuna kitu cha internati yetu?" Makapita wawili wa mwaka wa tano wamekubali kwenda kwa zamu. Mimi mwisho wa mwaka ninaondoka, tena nitakuwa mu Egzameni; kazi hii haifai kukaa mu kichwa cha mtu mmoja.

Kwenu wanafunzi: simu ya wazazi yenu mukiipiga siku ya Mungu, wapeni maneno haya tu, musiongeze: jina lote, darasa, jina la masomo, komini, namba ya simu ya biro, na kartoni iandikwe ku pande mbili, juu upande mmoja mara nyingi unafutika na mvua. Na mukija kuniuliza, muje na karatasi ndogo ya ajansi ao namba yake. Kuja na hasira hakufungui depo.

Wakati ninaandika, koli tatu ziko mu biro ya disipilini na hazina mwenyewe. Moja ni kartoni ya sabuni, imefungwa kamba ya buluu, imeandikwa "Kwa mtoto wangu Gloire, Mungu akulinde". Ba-Gloire wote ine waje pamoja siku ya posho saa tatu, na kila mmoja ajue jina la kijiji alipotoka mama. Ya pili ni anvelopi ya khaki, ngumu, bila jina, namba ya simu imefutika nusu, inabaki 0997 na mwisho 4. Mafinalisti watazame kama si karatasi zao. Ya tatu ni gunia dogo lililoandikwa JUNIOR. Linanuka samaki. Bwana Direkteri wa Disipilini ananiomba niseme kama anavumilia mpaka siku ya Mungu, haitapita pale.