Nira Ile Ile, Kauli Mpya



Ubishi mpya umeingia uani mwa makanisa yetu. Baada ya ibada ya Jumapili, kabla hata viti havijarudishwa mahali pake, utawakuta vijana wa Munyaka wamesimama makundi makundi wakijadili chama cha Democratic cha Marekani: kwa nini kilishindwa Novemba 2024, nani alaumiwe, na ni maneno gani ambayo Kamala Harris angeyasema ili ashinde. Wazee hupita wakitikisa vichwa. Wapo wanaouliza kama vijana hao wanamjua hata mwakilishi wao wa wadi.

Sisi hatuwalaumu vijana. Siasa za Marekani hufika Eldoret bila kubisha hodi. Januari 2025 Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nje, kwa jina la ile kauli yake ya kuitanguliza Marekani. Muda si muda wafanyakazi wengi wa mipango ya ukimwi nchini Kenya wakaambiwa waweke kazi chini. Mji huu, ambao tangu 2001 umekuwa makao ya mpango wa AMPATH unaokiunganisha Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana katika kuwatibu wenye virusi, haukuhitaji mkalimani wa kuueleza maana ya amri ile. Kauli iliyotungwa kwa ajili ya mpiga kura wa Pennsylvania ilimfikia mgonjwa anayehesabu vidonge vyake hapa kwetu. Kwa hiyo acha vijana wabishane, mradi ubishi huo utufunze kitu.

Ubishi wenyewe una pande mbili. Wa kwanza husema kwamba Democratic walikuwa na kazi nzuri ila waliieleza vibaya. Kwamba walizungumza mno juu ya tabia za Trump na hatari inayoikabili demokrasia, wakasahau kuzungumza juu ya bei ya mayai na kodi ya nyumba. Wa pili husema kwamba maneno hayakuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika maisha yenyewe. Mfumuko wa bei ulikuwa umefika asilimia 9.1 Juni 2022, na hata ulipopungua baadaye, bei hazikurudi zilikokuwa. Mtu aliyekwisha kuumia dukani huwezi kumponya kwa hotuba.

Kisha ukaja mwezi wa Novemba 2025, na kila upande ukadai ushindi. Jijini New York alichaguliwa kuwa meya Zohran Mamdani, kijana aliyezaliwa Kampala mwaka 1991, jirani yetu kabisa, ambaye kampeni yake ilisimama juu ya mambo machache: kodi za nyumba zilizo chini ya udhibiti zisipandishwe, mabasi yawe ya bure, watoto wadogo walelewe kwa gharama ya umma. Siku hiyo hiyo Abigail Spanberger alishinda ugavana wa Virginia na Mikie Sherrill ule wa New Jersey. Hao wawili ni watu wa siasa za wastani, mbali na msimamo wa Mamdani. Lakini nao walizungumzia gharama ya maisha, na Sherrill alishikilia hasa bili za umeme. Wachambuzi wamebishana usiku kucha ni mrengo upi ulioshinda. Sisi tulio mbali twaona jambo jingine. Wote watatu waliahidi vitu ambavyo mpiga kura aweza kuvipima kwa mfuko wake mwenyewe. Iwapo abiria wa New York ataendelea kulipa nauli, hatahitaji mwanahabari wa kumjulisha.

Sasa tugeuke tujitazame.

Tangu mwaka 2025 upinzani wetu umepata neno lake, "Wantam", yaani rais atawale kipindi kimoja aende zake. Walio upande wa serikali wakajibu kwa "Tutam", kwamba vipindi viwe viwili. Maneno haya yametamkwa sokoni, matangani, hata arusini. Ni mepesi ulimini. Mtoto wa chekechea aweza kuyasema. Lakini yachunguze, ndugu msomaji. La kwanza lahesabu miaka ya mtu mmoja, na la pili lahesabu miaka ya mtu yule yule. Hakuna hata moja linalotaja bei ya unga, karo, makato ya mshahara, wala vijana waliopigwa risasi Juni 2024. Nasi wa jarida hili hatuna mikono misafi: tumelirudia neno la upande wetu mara nyingi kwa sababu ni tamu, na kwa sababu ni rahisi kuliko kuandika bajeti.

Wenye kumbukumbu watasema njia hii tumekwisha kuipita. Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, wapigania mageuzi walikuwa na kauli moja: Moi aende. Maaskofu waliisema, mawakili waliisema, makanga waliisema. Ilikuwa kauli ya haki, nasi hatuijutii. Kasoro yake ni kwamba haikueleza aje nani, wala aje kufanya nini. Na maswali hayo mawili yalipoulizwa, FORD ilipasuka vipande viwili, huku Mwai Kibaki akiwa na chama chake cha DP kando. Desemba 29, 1992, Moi alirejea Ikulu kwa takriban asilimia 36 ya kura. Kenneth Matiba, Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga walikuwa wamegawana zaidi ya asilimia 60. Ilitulazimu kungoja miaka 10 mingine.

Muungano wa NARC ulipokuja mwaka 2002, haukusema tu kwamba enzi ya KANU imekwisha. Uliahidi elimu ya msingi bila malipo. Hiyo ilikuwa ahadi ambayo hata mama asiyejua kusoma aliweza kuipima: Januari ikifika ampeleke mtoto shuleni, na akirudishwa kwa ajili ya karo, basi amedanganywa. Januari 2003 ilifika, na watoto zaidi ya milioni moja waliokuwa nje wakaingia madarasani, wakabanana madawatini. Walimu walilalamika, tena kwa haki. Lakini ahadi ilionekana kwa macho.

Hapa Eldoret ilionekana kwa namna ya pekee. Januari 2004 mzee Kimani Maruge, aliyesema ana umri wa miaka 84, alifika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo akiwa amevaa kaptura na soksi ndefu, akaomba kuandikishwa darasa la kwanza. Alisema serikali imetangaza elimu ni bure, naye hakuwahi kusoma. Moja ya sababu alizozitoa inafaa kukumbukwa na kila muumini: alitaka ajisomee Biblia mwenyewe, kwani alishuku kwamba mhubiri haifuati sawasawa. Alitaka pia kujua kuhesabu fedha zake. Twaweza kusema kwamba hakuna raia aliyekielewa kiini cha mageuzi kuliko mzee yule: kutotegemea neno la mtu mwingine, bali kupata uwezo wa kulikagua. Mwaka 2005 alisafiri hadi New York, akazungumza katika Umoja wa Mataifa juu ya elimu ya bure.

Na ni nini kilichomtoa mzee huyo kwake? Ni maneno. Msimu wa uchaguzi wa 2007 ulifufua lugha iliyokuwa imezoeleka Bonde la Ufa tangu ghasia za 1991 na 1992: wageni, kwekwe, madoadoa. Kura zilipobishaniwa, lugha ile ikawa moto. Januari 1, 2008, wanawake na watoto waliokimbilia kanisani Kiambaa, kilomita chache kutoka hapa, waliteketezwa humo. Tume ya Waki iliandika kwamba watu 1,133 waliuawa nchini. Maelfu walijaa katika uwanja wa Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, chini ya ulinzi wa Askofu Cornelius Korir. Maruge alipoteza mali yake, akaishi hemani, na bado aliendelea kwenda darasani kwa miguu. Mwisho akahamia Nairobi, alikofariki Agosti 14, 2009. Chama kimoja kilimpa dawati; lugha ya vyama ikamnyang'anya paa.

Ndiyo maana sisi wa Munyaka, mtaa ambao jina lake kwa lugha ya Wakikuyu ni bahati, hatuwezi kuizungumzia kauli ya chama kama watu wazungumzavyo rangi ya fulana. Neno "Wantam" likitamkwa Nyeri huchekesha. Likitamkwa hapa, kwa jirani ambaye rais ni mtoto wa kaunti yake, laweza kusikika kama mwito wa kumwondoa yeye. Na "Tutam" ikitamkwa kwa kishindo nje ya lango la mtu aliyehama mara mbili, yaweza kusikika kama onyo. Januari 2022, katika mkutano wa hadhara mjini humu humu, seneta wa Meru wakati ule, Mithika Linturi, alilitamka tena neno "madoadoa". Alikamatwa, akajieleza kwamba hakukusudia watu wa kabila lolote, akaomba radhi. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa Waziri wa Kilimo.

Haki tuiseme: kauli ya mwaka 2022, ile ya mahasla na wilibaro, ilikuwa na jema lake kubwa. Iliuhamisha ubishi kutoka kabila kwenda tumbo. Na Munyaka, iliyozoea kufunga virago kila msimu wa kura, ililala usingizi. Hilo si jambo dogo. Lakini kauli ile ilipoingia Ikulu ilikutana na hesabu. Ushuru wa mafuta ulipanda kutoka asilimia 8 hadi 16 mwaka 2023. Mshahara ukaanza kukatwa asilimia 1.5 kwa nyumba, na tangu Oktoba 2024 asilimia 2.75 kwa bima ya afya. Naibu Rais Rigathi Gachagua naye akatuambia kwamba serikali ni kampuni yenye wenye hisa, kana kwamba asiyempigia kura mshindi hana fungu katika nchi yake; maneno hayo yalikuwa miongoni mwa mashtaka yaliyomwondoa madarakani Oktoba 2024. Leo yeye ni mmoja wa vinara wa upinzani. Hatujamsikia akiikana hesabu ile ya hisa kwa uwazi tunaoutarajia, na wapenda mageuzi wanaomshangilia wana wajibu wa kumdai.

Kisha ukaja Mswada wa Fedha wa 2024, na Juni 25 risasi zikalia nje ya Bunge. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu wasiopungua 60 waliouawa katika maandamano ya miezi ile. Mswada ulipokwisha kukataliwa, tulisikia kutoka serikalini maelezo yale yale ambayo Democratic wa Marekani wangejipa miezi michache baadaye: kwamba wananchi hawakueleweshwa vyema. Yaani kodi ilikuwa njema, ni maelezo tu yaliyopungua!

Wasomaji wa Biblia wanaikumbuka habari ya Rehoboamu. Watu walimjia Shekemu wakiomba apunguze nira aliyowatwika baba yake. Mfalme hakuuliza nira ina uzito gani. Aliuliza ajibu nini. Akawaita wazee, akawaita na vijana aliokua pamoja nao, akachagua jibu lililompendeza, na kabila kumi zikaondoka. Watunga kauli wa siku hizi wangesema alichagua ujumbe mbaya. Lakini hata kama angechagua maneno matamu, nira ingebaki shingoni, na watu wangegundua asubuhi iliyofuata. Wala habari haiishii hapo: kabila zile kumi zilimpata Yeroboamu, na Yeroboamu akawatengenezea ndama wawili wa dhahabu. Kuondoka kwa Rehoboamu pekee hakukuwa mageuzi.

Wapo watakaotuambia kwamba siasa ya leo haiendeshwi bila wataalamu wa ujumbe. Tunawajua. Machi 2018 televisheni ya Channel 4 ya Uingereza ilionyesha mkubwa wa Cambridge Analytica akijigamba, bila kujua anarekodiwa, kwamba kampuni yake ilikibadili sura mara mbili chama cha Rais Uhuru Kenyatta na kukiandikia ilani. Jubilee ilikiri kazi ya kupamba sura ya chama tu. Vyovyote iwavyo, fedha zililipwa ili wageni wapime hofu zetu. Hatukusikia kwamba waliagizwa kupima njaa.

Novemba 2024 maaskofu Wakatoliki walisema waziwazi kwamba uongo umegeuka utamaduni wa uongozi, na siku chache baadaye Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi akaagiza mchango wa rais kwa kanisa la Soweto urudishwe. Tunawaomba wachungaji na mapadre wa Munyaka, wa madhehebu yote, wafuate nyayo hizo kwa upande wa serikali na kwa upande wa upinzani pia, kwani bahasha ya mpinzani nayo ni bahasha.

Kwa hiyo tumeazimia hivi. Mgombea yeyote atakayetaka kusimama mbele ya waumini au wanaharakati wa mtaa huu kabla ya uchaguzi uliopangwa kufanyika Agosti 10, 2027, aje na karatasi moja. Aandike ni makato gani atakayoyapunguza na kwa kiasi gani, fedha za kujaza pengo atazitoa wapi, na tarehe ambayo sisi tutaweza kwenda kukagua. Aandike pia kwamba maneno atakayoyasema Munyaka ni yale yale atakayoyasema Nyeri, Kisumu na Kapsabet. Atie sahihi. Nakala moja itabaki kanisani, na ya pili tutaichapa katika ukurasa huu. Atakayekataa kuandika, jina lake pia tutalichapa.