Mtoto anakataa kula, ao tumeuza sahani yake?

Kwa mikutano ya koperative, wamama wanaleta neno lilelile: mtoto anakataa maharagi, anakataa lengalenga, anataka biskwi tu. Sisi tunasema tuangalie kwanza chukudu. Asubuhi inashuka toka Kibumba kuelekea Goma, imejaa karoti na kabichi. Mayai nayo yamekwenda. Jioni tunarudi na biskwi na maji ya sukari yenye rangi. Mtoto wa miaka miwili anaona mapema chakula gani nyumba inaheshimu. Na baba akisukuma sombe pembeni ya sahani, asishangae mtoto akifanya vilevile.

Tumbo la mtoto ni dogo. Akipewa chai ya sukari na mandazi saa kumi, saa kumi na mbili hana njaa. Hicho si kiburi. Tena chai ikinywewa pamoja na chakula inazuia mwili kupokea chuma cha maharagi, na chuma ndicho kinajenga damu.

Chakula kipya kinaweza kukataliwa mara nane, hata kumi na zaidi, mbele mtoto akizoee. Wengi wetu tunaacha siku ya pili, ao tunashika fimbo, na woga unaongezeka. Afadhali kijiko kimoja tu, kwa sahani yake mwenyewe, kando ya kitu anachopenda, bila kumwahidi biskwi. Maharagi tuyaponde, tutoe maganda. Sambaza kavu tuisage na mifupa yake, tutie kwa uji wa masoso. Watoto wengine wanaogopa tu yale macho ya samaki! Lengalenga inakubalika zaidi na karanga ya kusaga.

Lakini mtoto akikataa kila kitu, miguu ikivimba na nywele zikigeuka rangi, hapo si kuchagua chakula. Ni bwaki. Apelekwe kituo cha afya siku ileile.

Ndiyo maana tunapendekeza koperative ikate shauri: mbele ya kupima mizigo ya soko, kila nyumba iweke kando fungu la watoto, maharagi, soya na mayai. Tunajua franka zinahitajika kwa masomo na dawa. Fungu hilo ni dogo, mayai machache kwa juma. Neno hili liingie kwa mkutano ujao, na wababa waje wenyewe, wasitume wake zao tu.